Ushauri nasaha kwa vijana hapa Dodoma: uzoefu wangu

Hapa Dodoma ukisema unaonana na mshauri wa saikolojia, swali la kwanza ni kama umepelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Hospitali ile ipo tangu 1927 na inatibu watu wengi, lakini kijana anayekosa usingizi kwa mambo ya nyumbani si lazima awe mgonjwa wa kulazwa. Naandika kwa ajili ya mwenzangu anayeogopa swali hilo.

Nimelelewa na ndugu: Kondoa kwa bibi, Manyoni kwa mjomba, kisha Nkuhungu kwa shangazi mpaka nilipoingia chuo. Mtoto wa kufikia hujifunza mapema kutomchosha mtu. Nakubali kila kitu, nikiudhika nanyamaza, halafu najiondoa taratibu. Marafiki na hata mchumba waliondokewa hivyohivyo bila kuambiwa sababu.

Mshauri niliyempata ni mama wa makamo. Nilitegemea anihimize nivumilie na kusali, kama wote walivyonihimiza. Kumbe mtindo wake unautazama uhusiano wenu wawili kama sehemu ya tiba. Ulishika kasi Marekani miaka ya 1980 kupitia wanasaikolojia kina Stephen Mitchell na Jay Greenberg, na hoja yake ni kwamba namna ulivyozoea kuishi na waliokulea utaishi hivyo na kila anayekukaribia, mshauri akiwemo. Yakijitokeza mle chumbani, mnayashughulikia yakiwa mabichi.

Kwangu yalijitokeza. Siku moja naeleza msiba wa mama yangu, simu ya mshauri ikaita, akapokea. Nikasema hamna shida, nikakaa mpaka muda ukaisha huku natabasamu. Kikao kilichofuata sikwenda. Akanitumia ujumbe mfupi kwamba nafasi yangu ipo palepale. Niliporudi hakunihoji kuhusu utoro. Alisema: "Mwanangu, nilipokea simu wakati unamlilia mama yako. Nilikukosea, naomba unisamehe." Akanyamaza kidogo, kisha: "Kwa mjomba, ukiudhika ulikuwa unamwambia nani?"

Nililia sana. Mtu mzima ninayemwamkia shikamoo hajawahi kuniomba radhi maishani mwangu. Swali lile tulikaa nalo vikao kadhaa, na ndilo lililonifungua kuliko ushauri wowote. Sasa naweza kumwambia shangazi kwamba jambo fulani limeniumiza. Mara ya kwanza alinuna, ila tunaongea.

Kuhusu usiri, alinieleza tangu mwanzo kwamba ninayosema yanabaki pale, isipokuwa kukiwa na hatari ya kujidhuru au kumdhuru mtu. Alitimiza.

Yasiyonifurahisha: ukuta wa mapokezi ni mwembamba, unasikia wanaosubiri wakiongea, na nilishusha sauti mara nyingi. Bei pia ni mzigo kwa mwanafunzi anayesubiri bumu, yaani hela ya mkopo wa chuo. Niliomba kulipa kidogokidogo, akakubali, kwa hiyo usione aibu kuuliza. Na ukitaka uambiwe cha kufanya leo uondoke, huyu utamwona anachelewa.

Kwa mdogo wako asiye na hela ipo namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, kupiga ni bure.

Kabla hujalipa popote, muulize mshauri amesomea wapi, na kama naye ana mtu anayesimamia kazi yake. Wangu alijibu yote mawili bila kukunja uso.