Kadi ya Mkopo Dodoma: Uliza Tarehe Kabla ya Kuuliza Riba

Machi mwaka jana, tarehe mosi, nilinunua tangi la maji la lita 3,000, pampu na mabomba yake kwenye duka moja karibu na Soko la Majengo. Jumla shilingi 900,000. Kwetu maji huja kwa mgao, na nilikuwa nimechoka kupanga ndoo ukumbini. Nikalipa kwa kadi ya mkopo niliyokuwa nimeipata miezi miwili tu nyuma, hesabu ikiwa kichwani: mshahara wa Aprili ukiingia nalipa yote, riba sifuri. Ndivyo kijana aliyeniletea fomu ofisini alivyoniahidi.

Tarehe 24 Aprili mshahara ukaingia, na siku hiyohiyo nikalipa deni lote. Taarifa ya kadi iliyofuata ikaja na riba ya shilingi 48,600, na faini ya kuchelewa juu yake.

Mwisho wa kulipa ulikuwa tarehe 18. Nilichelewa siku sita. Riba nikatozwa ya siku hamsini na nne.

Nimeipiga hesabu hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na iko sawa kwa masharti ya ile kadi: asilimia 3 kwa mwezi, kuanzia siku niliyonunua tangi hadi siku niliyolipa. Zile siku zisizo na riba wanazozitangaza kwa herufi kubwa ni zawadi yenye sharti. Ukilipa deni lote kabla ya tarehe ya mwisho, unazipata. Ukichelewa, au ukibakiza deni, kwa kadi nyingi riba inarudi nyuma hadi siku ya manunuzi.

Tangu nisimulie kisa hiki nimepata malalamiko yanayofanana na langu, mengi kutoka kwa watumishi wenzangu. Mwalimu mmoja wa Mpwapwa alilipishwa hivyo miezi mitano mfululizo akidhani ni ada ya kadi. Kwa hiyo mwongozo huu hautashughulika sana na rangi ya kadi, pointi za zawadi wala kikomo cha mkopo. Hayo watakueleza wenyewe bila kuulizwa. Nitashika tarehe.

Kadi ya mkopo ina tarehe mbili. Ya kwanza ni ya kufunga hesabu, siku benki inapojumlisha manunuzi yako ya mwezi na kukutumia taarifa. Ya pili ni ya mwisho wa kulipa, ambayo huja wiki mbili, tatu au zaidi baada ya hapo kulingana na benki. Kadi yangu ilifunga hesabu tarehe 28 na kudai tarehe 18. Mshahara wangu huingia kati ya tarehe 23 na 25. Maana yake kila mwezi kadi ile ingenidai wakati mfuko umekauka, mwaka mzima, hata ningekuwa na nidhamu ya namna gani. Kosa lilikuwa kwenye kalenda, na hakuna aliyenionyesha kalenda.

Mji huu umejaa watu wa mshahara. Kuanzia Mtumba kwenye mji wa Serikali hadi Chuo Kikuu cha Dodoma, maelfu tunasubiri siku zilezile za mwezi. Benki inayotaka kutuuzia kadi inajua siku hizo vizuri kuliko sisi. Kwa nini basi tarehe ya kulipa isiwekwe tarehe 28 au 30? Uliza kabla hujasaini. Ukiambiwa tarehe inayotangulia mshahara wako, omba ihamishwe, na omba hivyo kwa maandishi. Wakikataa, waachie fomu yao.

Kuna kisanduku kingine kwenye fomu hiyohiyo: makato ya moja kwa moja kutoka kwenye akaunti yako. Utaulizwa yakatwe kiasi gani, kima cha chini au deni lote. Wengi hujaziwa kima cha chini, kwa mfano asilimia 10, na ofisa anayekujazia hata hasemi. Ukidaiwa 600,000, inakatwa 60,000, unalala usingizi ukijua umelipa, huku riba ikitembea. Andika asilimia 100 kwa mkono wako mwenyewe.

Sasa kadi zenyewe, kwa mpangilio wangu.

Nafasi ya kwanza naipa kadi ya mkopo ya benki ileile mshahara wako unakopitia. Pesa inaingia na deni linakatwa chini ya paa moja, hakuna kuhamisha, hakuna kusubiri. Na hapa siwafichi: mimi ni mtu wa TemboCard, kadi za benki ya CRDB. Mshahara wangu unapita CRDB tangu nianze kazi, kadi yangu ya kwanza kabisa ilikuwa TemboCard, na baada ya kisa cha tangi nimerudi nyumbani. Napenda kwamba nikienda kijijini napata wakala wao, na kwamba nikitaja jina la kadi hata muuza duka asiyejua Visa ni nini ananielewa. Najua watu wa NMB watanijia juu na MastaBata yao, ile kampeni ya zawadi kwa wanaolipa kwa kadi, na kweli kwa anayeishi wilayani, Kondoa au Kongwa, matawi ya NMB ni hoja nzito, hasa mashine ikimeza kadi yako. Lakini mshahara ukipita CRDB usinunue kadi ya kwingine kwa sababu ya zawadi. Ukipita NMB, baki NMB. Mimi nimechagua tembo.

Ya pili ni kadi ya mkopo yenye dhamana ya amana. Hii ni ya wasio na hati ya mshahara: mkulima wa zabibu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, fundi mwenye kandarasi. Unaweka pesa benki kwa muda maalumu, benki inaizuia na kukupa kikomo kulingana na hiyo amana. Watu huiona ya ajabu: kwa nini nikope wakati pesa ninayo? Kwa sababu amana inaendelea kupata riba yake, na unajijengea historia nzuri ya ukopaji kwenye kampuni za taarifa za mikopo, historia ambayo benki nyingine zitaisoma siku utakapotaka mkopo mkubwa. Mwenye biashara hana siku ya mshahara, kwa hiyo achague tarehe ya kulipa inayofuata msimu wake au siku yake ya mauzo makubwa.

Ya tatu, kadi ya kawaida ya benki, inayokata pesa yako mwenyewe papo hapo. Haina deni, haina tarehe. Kwa manunuzi ya mtandaoni huenda ukalazimika kuomba benki iifungulie, basi. Zile kadi za kwenye simu, kama ya M-Pesa na Visa, zinafaa kulipia kitu kidogo cha nje. Weka kiasi unachotaka, lipa, maliza.

Mwisho kabisa naziweka kadi za hadhi zinazodai kwa dola. Mshahara wa shilingi na deni la dola ni vitu viwili visivyokaa meza moja. Shilingi ikishuka, deni lako limepanda nawe hujanunua hata kiberiti. Kama husafiri mara kwa mara, hiyo ada ya mwaka unalipia rangi. Na anayesafiri, Nairobi au Dubai, mashine ikimuuliza alipe kwa shilingi za Tanzania au kwa pesa ya pale, achague pesa ya pale. Ukichagua shilingi, bei ya kubadilisha inapangwa na upande wa muuzaji, na mara nyingi ni mbaya kuliko ya benki yako.

Kadi yoyote ya mkopo utakayochukua, usitolee nayo pesa taslimu kwenye ATM. Kutoa pesa kuna ada yake, na kwa kawaida riba huanza siku hiyohiyo bila siku za bure.

Niseme na wauza kadi sasa, kwa sababu wananiumiza. Wanakuja maofisini mchana, wanajua fika kwamba mtumishi hatakiwi kukatwa mpaka abaki chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Basi wanamtafuta yule ambaye makato yamefika ukingoni, aliyenyimwa mkopo wa mshahara, wanamwambia, "Dada, hii si mkopo, hii ni kadi tu." Ni mkopo! Na ni ghali kuliko ule alionyimwa. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha zinataka gharama zielezwe wazi kabla mtu hajasaini. Mimi nilielezwa zawadi.

Na wenye maduka nao. Unafika kaunta, bei mmekubaliana, ukitoa kadi unaambiwa, "Mama, kwa kadi tunaongeza asilimia tatu." Kwenye tangi la 900,000 hiyo ni 27,000. Makato ya kupokea kadi anatozwa mfanyabiashara na benki yake, ni gharama ya biashara yake kama umeme na pango. Mbona umeme hauniongezei kaunta? Duka lingine mashine "haina mtandao" kila siku, lakini ukisema basi naondoka, mtandao unarudi. Mimi siku hizi nauliza mlangoni kabla sijashika bidhaa, na wakitaja nyongeza natoka.

Ile kadi ya zamani niliifunga, na kuifunga nako kuna njia yake. Kuikata kwa mkasi hakutoshi, maana ada ya mwaka itaendelea kuingia kwenye akaunti usiyoitazama, na jina lako litapelekwa kwenye kampuni za taarifa za mikopo kama mdaiwa sugu. Lipa deni lote, subiri taarifa ya mwezi unaofuata uone kama kuna riba iliyobaki mkiani, ilipe nayo, kisha andika barua ya kufunga na udai barua ya kuthibitisha kwamba hudaiwi. Mimi nilizungushwa mara tatu pale kaunta, mara meneja hayupo, mara mfumo uko chini. Mara ya nne nilikaa kwenye kiti mpaka ikachapwa na kugongwa muhuri. Iko kwenye bahasha moja na risiti ya tangi.