Wakili wa kesi za kazi, Barabara ya Lamu Malindi: nyota 4 kati ya 5

Kama umefutwa kazi na unaambiwa ni mambo ya usalama, usisaini chochote, nenda kwa huyu mama kwanza. Mpwa wangu alikuwa fundi wa reli kwa kontrakta mmoja huko njia ya Mombasa-Nairobi, wakamfuta siku hiyohiyo bila notisi, wanasema aliingia relini bila reflekta na bila kuomba ruhusa kwa redio. Nyumbani sote tukashika moja tu, kijana kaonewa, reflekta nayo ni kitu gani cha kumfukuzia mtu.

Wakili hiyo stori hakuitaka kabisa. Alimwambia, "Mwanangu, treni haisimami kama bodaboda. La reflekta ni kosa lako na utalikubali mbele ya msuluhishi." Hapo ndo nilimwamini, maana wengine tuliopitia walikuwa washaahidi mamilioni na barua hawajaisoma.

Halafu akadai rejista ya mafunzo ya usalama, na hiyo ndo ilowamaliza. Imeandikwa kijana alifunzwa habari za redio na sahihi iko, lakini tarehe ni ya Idi na fomu ya likizo walompa wenyewe yaonyesha siku hiyo hakuwa kazini! Mama akaziweka zile karatasi mbili pamoja mezani, akapiga mstari wa penseli chini ya tarehe, akanyamaza.

La pili ni kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007, na hili kila mfanyakazi alijue: hata kosa liwe kubwa vipi, mwajiri lazima akueleze kwa lugha unayoielewa, uwe na mwenzako wa kazini au mtu wa chama cha wafanyakazi ukimtaka, na akusikize kabla hajaamua. Mpwa wangu aliitwa peke yake na barua ishapigwa chapa.

Kwa vile chama na kampuni walikuwa na makubaliano ya msuluhishi hatukufika kortini, ingawa siku hizi Malindi kuna korti ya kazi hapahapa. Kazini hakurudi na kosa la reflekta limebaki, ila kufutwa papo hapo kukaonekana si haki, akalipwa notisi, siku za likizo na mishahara ya miezi minne, na cheti cha kazi akapewa. Sheria yafika hadi miezi 12 lakini mama alishatwambia mapema kosa lako mwenyewe hupunguza fidia, kwa hivo hatukushtuka.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu ya simu, hawashiki kabisa, na kutoa kopi unalipia pembeni. Ada yenyewe tulilipa kidogokidogo kwa M-Pesa na risiti kila mara.

Msikae na barua nyumbani lakini. Kwa afisa wa leba ni miezi 3 tangu ufutwe, kortini miaka 3, na ukienda pale kwa mama beba mkataba, barua na karatasi za mshahara, uende asubuhi mapema kabla foleni haijafika ngazini.