Breki za tela, za mafuta au za umeme? Uzoefu wangu

Huku Colorado nimevuta matela ya kubebea magari yenye breki za aina zote mbili. Kwa milima hii, mimi ni mtu wa umeme.

Za mafuta hazihitaji kufunga chochote ndani ya gari. Ukipunguza mwendo, tela linakusukuma, kichwa chake kinabonyea na kukandamiza masta silinda (pampu ndogo ya breki), mafuta ya breki yanakimbilia kwenye magurudumu. Ndiyo maana matela mengi ya kukodi yako hivyo: unaunganisha kwenye pikapu yoyote, unaondoka. Tabu ni mteremko. Ukitoka handaki la Eisenhower, karibu mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, barabara kuu ya I-70 inashuka kuelekea Denver. Unaweka gia nzito injini ishike, pedali hujaigusa, lakini tela limeshakuegemea na breki zake zimeshika njia nzima. Niliposimama Georgetown, lainingi (vitambaa vya breki) zilikuwa zinanuka na dramu (ngoma zinazobanwa na lainingi) huwezi kuzisogezea mkono kwa joto.

Na rivasi! Ukirudi nyuma kupanda kilima, tela linadhani unafunga breki, linagoma. Dawa yake ni waya wa tano kwenye plagi ya tela, unaotoka taa za rivasi na kuzuia breki zisishike. Plagi ya pini nne haina.

Za umeme zina sumaku ndani ya dramu na kontrola (kifaa cha kuziamuru breki za tela) karibu na usukani. Nunua kontrola inayohisi gari linavyopunguza mwendo. Zile za kupandisha nguvu kwa kuhesabu muda ni rahisi, lakini zinashtua. Kilichonikamata mimi ni kile kiswichi cha mkono kwenye kontrola. Upepo wa pembeni ukilitikisa tela, nakisukuma kidogo, breki za tela peke yake zinashika, linanyooka nyuma yangu bila mimi kukanyaga kitu. Za mafuta hazikupi hilo.

Mwenye boti abaki na za mafuta. Kuzamisha sumaku na nyaya kila wikendi ni kutafuta kutu, hasa maji ya chumvi. Zipo pia za kuchanganya, umeme unaendesha pampu ya mafuta, nzuri sana ila bei iko juu.

Ukichukua za umeme, breki zikilegea ghafla usikimbilie kununua sumaku. Anza na waya wa ethi (unaorudisha umeme kupitia chuma cha tela), usugue kutu pale ulipofungwa kwenye chesisi.