Charpy au kipimo cha ufa: chuma kipimwe vipi?

Bamba la chuma lililonunuliwa Gerezani kwa ajili ya banda mara nyingi halitakusumbua kwa joto la Dar es Salaam. Likienda kwenye chumba cha kugandisha samaki, hiyo ni habari nyingine. Chuma cha kawaida cha kaboni hunyumbuka kikiwa na joto. Kikipoa sana huweza kupasuka ghafla kama kioo.

Vipimo viwili huonyesha hatari hiyo: Charpy, cha kupiga chuma kwa nyundo, na kipimo cha ukinzani wa ufa. Charpy ndiyo nafuu. Kipande cha milimita 10 kwa 10 kwa 55, chenye mkato wa V wa kina cha milimita 2, hupigwa na nyundo inayobembea, na nishati iliyotumika kukivunja husomwa kwa jouli. Kipande cha baridi lazima kipigwe ndani ya sekunde 5 tangu kitolewe, kabla hakijapata joto. Rudia kwa nyuzijoto tofauti, utaona ni kwenye baridi ipi chuma kinaacha kunyumbuka na kuanza kupasuka kama kioo. Tena angalia uso wa mvunjiko: kijivu chenye nyuzinyuzi ni salama, punje zinazometameta ni hatari.

Kipimo cha ukinzani wa ufa ni ghali. Ufa halisi huanzishwa kwa mizigo midogo inayorudiwa maelfu ya mara, kisha mashine huvuta mpaka ufa ukimbie. Lakini hicho ndicho humpa injinia namba ya kukokotoa kama ufa wa urefu fulani utastahimili mzigo fulani. Jouli hazimwambii hilo moja kwa moja.

Kwa kupokea shehena bandarini, nachagua Charpy, ipimwe kwenye baridi kali kuliko zote chuma kitakazokutana nazo kazini. Tangi lililokwisha kuonekana ufa, majibu ya Charpy peke yake nisingeyakubali.