Ndoo ya mkaa wa mifupa: uzuri wake na kero zake

Sisi wa Maji ya Chai, huku Arusha, hatuhitaji kitambulisho. Nikiwa chuo Dodoma, nikicheka tu mtu anasema, "Wewe wa Arusha." Maji yetu yana floraidi nyingi, madini yanayotia meno rangi ya kahawia, na meno ya kahawia hayafichiki. Kwa hiyo fundi mmoja wa huku kwetu alipoanza kuuza ndoo za kuchuja floraidi, niliagiza yangu mapema.

Ni ndoo mbili za plastiki zimepandishwa. Ya juu ina mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ya chini ina koki. Shilingi 70,000, na kubadilishiwa mkaa unalipa tena. Jirani yangu, mama Mwislamu, hakuonja hata tone kabla ya kujua ni mifupa ya nini, maana kitimoto huku kiko kila kona. Fundi akamfungulia gunia: mapaja na mbavu za ng'ombe kutoka machinjioni, zimekwanguliwa zikawa nyeupe. Mama akaridhika, na mimi pia.

Mfupa ni nyuzi za protini zilizoshikamana na madini ya kalsiamu na fosfeti. Ukiuchoma kwenye tanuri lenye hewa kidogo, protini inaungua, madini yanabaki, na madini hayo ndiyo yanayonasa floraidi maji yakipita. Si uganga, kituo cha utafiti cha Ngurdoto, cha Wizara ya Maji, kinaijua njia hii tangu zamani.

Sasa jiulize: floraidi isiponaswa ndooni, inanaswa wapi? Kwenye mifupa ya mwanao, maana madini ni yale yale. Mifupa mingi ya mtoto huanza kama gegedu, ule mfupa laini kama wa sikioni, tangu tumboni, na mpaka anapobalehe bado kuna tabaka la gegedu karibu na ncha za mifupa mirefu. Urefu unaongezeka hapo. Hata sisi watu wazima mifupa yetu haijatulia. Kuna seli zinazobomoa na seli zinazojenga, na kwa mwaka kama sehemu moja ya kumi hivi inafanywa upya. Kazi hiyo hiyo ndiyo inayounga mfupa uliovunjika. Ila seli zinajenga kwa kile kilicholetwa na damu, na damu ya mnywaji wa maji yetu imebeba floraidi. Miaka ikienda mfupa unashupaa lakini unavunjika upesi, mgongo na magoti yanakakamaa, na watoto wengine miguu inapinda. Kuanzia hapa mpaka Ngarenanyuki tunawaona.

Jino nalo halina hata nafasi ya pili. Gamba lake likishajengwa, halijengwi tena, na lile la meno ya mbele ya ukubwani linajengwa ndani ya fizi kabla mtoto hajaingia darasa la kwanza. Yangu basi tena. Hii ndoo ni ya kitinda mimba wangu.

Kero sasa. Maji ya mwanzo yalitoka meusi. Mwaga mpaka yawe meupe. Ukisikia harufu ya nywele zilizoungua, mkaa haukuiva, rudisha. Yanatoka polepole, kwa hiyo jaza usiku. Kubwa kuliko yote: mkaa ukichoka hautoi taarifa. Floraidi haina ladha, na fundi hana kipimo, anasema tu "njoo baada ya miezi kadhaa." Hapo simwungi mkono. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na mteja anastahili kujua maji yake yamesimama wapi. Apeleke sampuli maabara ya maji, atuandikie tarehe kwenye ndoo.

Pia ndoo haiui vijidudu, kwa hiyo bado nachemsha, lakini baada ya kuchuja. Kuchemsha peke yake hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, floraidi inakolea. Na mama mwenzangu, usichuje maji ya makande halafu ukatupia magadi. Magadi ya huku nayo yana floraidi, utakuwa umechuja bure.

Nampa nyota nne kati ya tano. Mwenye bati na tangi akinge mvua masika, karibu haina floraidi kabisa, ndoo aiweke ya kiangazi. Na fundi, koki yangu bado inavuja.