Spana ya toku niliyonunua Gerezani, miezi tisa na Altezza yangu

Nianze na kilichonifanya niinunue hii spana, ile inayolia nati ikifika nguvu ya kukaza uliyoichagua. Mwaka jana natoka Morogoro na Toyota Altezza yangu, nimefika maeneo ya Mlandizi tairi ya nyuma kushoto ikaisha upepo, nikashuka, jeki ninayo, spea tairi ninayo, spana ya nati ninayo, nikasema dakika kumi nimemaliza. Nati ya kwanza haikutoka. Nikapanda juu ya spana kwa miguu, wapi. Akaja kijana wa bodaboda akanisaidia tukaingiza bomba kwenye mkono wa spana, nati ya tatu ikazunguka ghafla ikawa laini kabisa, kumbe stadi (ile boliti ya kwenye habu inayoshika nati) imekatika. Wiki mbili kabla gari ilikuwa gereji kubadilisha pedi za breki na wale jamaa walikaza kwa mashine ya upepo mpaka mashine yenyewe ikagoma kuzunguka. Nilirudi Dar na nati nne kwenye tairi moja, mwendo wa 50, moyo mkononi njia nzima.

Nati za rimu za Altezza ni za spana 21, na toku yake, yaani nguvu ya kukazia, ni Nm (nyutoni mita) 103, ndio hivyohivyo kwa Toyota ndogo nyingi. Hiyo ni nguvu ya mtu mzima wa kawaida na spana ya mkono mrefu, wala hakuna haja ya bomba wala kupanda na miguu. Mashine ya upepo isipodhibitiwa inaweza kupita hapo mbali sana, na stadi ikishavutika mara moja hairudi, inakaa pale inasubiri siku yake.

Kwa hiyo nikaenda Gerezani pale Kariakoo. Duka la tatu ndio wakanielewa. Mwenye duka ni mama mmoja mtu mzima, nikamwambia shikamoo mama, naulizia spana ya toku, akaitika marahaba mwanangu, "unataka ile inayolia ka?" Nikajua nimefika. Akatoa mbili, moja ya kichwa cha nusu inchi inaanzia Nm 28 mpaka 210, nyingine ndogo ya kwenda 25. Hela yangu ilitosha moja, nikachukua kubwa kwa elfu 90 baada ya kuongea sana. Haina jina la kampuni yoyote ninayoijua, boksi la plastiki jekundu, ndani kuna spana yenyewe na kiungio kimoja kirefu.

Kwa ambaye hajawahi kuishika: unazungusha mkono wake chini kama unafungua chupa mpaka namba unayoitaka, unafunga kitasa, unavuta taratibu. Ikifika nguvu uliyoweka inalia "ka" na unaisikia kiganjani kama imevunjika kidogo, hapo unaacha. Sio unaongeza kidogo kwa usalama, UNAACHA. Hiyo ya kuongeza kidogo ndio imeharibu nyuzi za boliti nyingi mjini hapa.

Swali nililokuwa nalo ni moja, kitu cha elfu 90 kisicho na jina kinasema kweli? Karatasi ndani ya boksi imeandikwa inakosea asilimia 4 juu au chini, lakini karatasi hata mimi naweza kuchapisha. Nikaipima mwenyewe. Nilichukua dumu la lita 20, nikalijaza maji nikalipeleka kwenye mizani ya duka la Mangi nikapunguza mpaka ikasoma kilo 20 kamili pamoja na dumu lake. Nikaibana ile pembe nne ya spana kwenye vaisi ya fundi wa magrili jirani yetu, spana imelala sawa na ardhi, nikafunga kamba ya dumu katikati ya mkono, sentimita 40 kutoka katikati ya kichwa. Hesabu yake kilo 20 mara 0.4 mara 9.8, unapata Nm 78 na kidogo, spana yenyewe nayo ina uzito wake kwa hiyo weka 80. Nikaset 90, nikaachia dumu taratibu, kimya. 85 kimya. 80 ikalia. Nikarudia mara tano, mara zote tano ikalia hapo hapo. Fundi akaacha kazi zake akaja kuangalia, akaniambia kaka hiki kitu kina adabu. Na mimi nasema hivyohivyo.

Sasa gari. Yangu ni RS200 ya 1999, chesesi SXE10, injini 3S-GE ile ya Beams yenye VVT-i (mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka) kwenye kamshafti zote mbili, gia sita za mkono. Altezza zilianza kutoka Japani 1998, huko nje zikauzwa kwa jina la Lexus IS. Kwa hii ya gia za mkono Toyota waliandika nguvu farasi 210 kwenye lita 2 bila tabo (turbo), na valvu za titani ndani, na hadi leo nikiwasha asubuhi na ile dashibodi yenye saa ndogondogo ndani ya spidomita kama saa ya mkononi najisikia vizuri. Naipenda hii gari na sitaki kuificha. Lakini ina miaka zaidi ya 25, imepita kwenye mikono mingi, na kila boliti iliyoshikwa na mtu kabla yangu imekazwa kwa hisia zake yeye.

Kazi ya kwanza ilikuwa matairi yote manne. Nilifungua nati zote 20 (kwa spana ya kawaida na mkono mrefu, spana ya toku haifungulii, ukiifungulia unaiua), nikasafisha nyuzi kwa brashi ya waya, nikagonga stadi mpya ndani ya habu, nikarudisha kwa mkono kwanza halafu kwa mtindo wa nyota (unaruka kwenda nati ya upande wa pili, sio ya jirani), 103 kila moja. Hakuna grisi kwenye nyuzi, grisi inafanya nati iteleze na unajikuta umevuta stadi kupita kiasi huku spana inasoma sawa. Nikatembea kilomita kama 80 nikapima tena, mbili tu zilisogea kidogo sana. Na mtetemo niliokuwa nausikia kwenye usukani nikikanyaga breki toka spidi 90 umepungua sana, sijui niseme nini zaidi, nilikuwa nimeshapanga kununua diski mpya.

Ya pili ni bolijointi za chini za mbele (viungo vya duara vinavyounganisha mkono wa chini na upande wa tairi), na hapa naomba mwenye Altezza yeyote asome vizuri. Mbele hii gari ina mikono miwili, juu na chini, na shokapu na springi vimekaa kwenye mkono wa chini, maana yake uzito wa kona ile ya gari unapitia kwenye bolijointi ya chini. Kila rasta, kila tuta, kila shimo la barabara zetu, yeye ndio anabeba. Zikichoka sana zinaachia na tairi inalala ndani ya madigadi, na ukiwa spidi 100 hakuna wa kukuuliza. Na watu wengi wanazipima vibaya. Wananyanyua gari kwa katikati matairi yananing'inia, wanatikisa, wanasema nzima. Springi inakuwa bado inasukuma ule mkono chini kwa hiyo bolijointi imebanwa, haiwezi kucheza hata kama imekufa. Weka jeki chini ya mkono wenyewe karibu na tairi, nyanyua, halafu tikisa au weka mtaimbo chini ya tairi usukume juu. Yangu ya kulia ilicheza mpaka mdogo wangu aliyekuwa ameshika tochi akaruka nyuma.

Nilikuwa nimefungiwa za bei rahisi miezi minne tu kabla, duka silitaji, mpira wake ulishapasuka na grisi yote imetoka imeingia mchanga. Safari hii nikanunua orijino, iliniuma mfukoni, moja ilikuwa zaidi ya mara tatu ya zile. Nati yake ni ile yenye pembe za kupitisha kotapini (pini ya kuzuia nati isilegee), unakaza mpaka namba ya kitabu cha matengenezo cha SXE10, tundu lisipolingana unaendelea MBELE kidogo mpaka lilingane, hurudi nyuma. Bila spana ya toku ile kazi ningeifanya kwa kubahatisha na nisingelala. Tafadhali tumieni stendi za chuma chini ya gari, sio tofali, tofali linapasuka bila kukuaga.

Taimingi belti (mkanda wa injini unaozungusha kamshafti) nilifanya Januari na mjomba ambaye ni fundi wa zamani, siku mbili nzima uani juu ya pevingi. Gari za Japani mara nyingi zina stika ndani ya boneti au kwenye kava ya belti inayoonyesha kilomita na tarehe ya kubadilishwa, yangu haikuwa nayo, kwa hiyo nikachukulia haijawahi kubadilishwa. Kawaida ni kilomita laki moja. Kwenye hii injini belti ikikatika valvu zinakutana na pistoni, na hizo ni titani, hesabu mwenyewe. Tukaweka belti, tensheni na aidla (puli za kubana na kuongoza belti) na wota pampu kwa pamoja, tukalinganisha alama, tukazungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili, alama zikarudi mahali pake. Mjomba akasema zungusha tena. Nikazungusha tena. Zikarudi. Akakaa kwenye ndoo akaomba maji ya kunywa, na mimi nikajua sasa tunaweza kuwasha.

Hapo ndio udhaifu wa hii spana ulionekana. Inaanzia 28 na boliti nyingi ndogo za eneo lile ziko chini ya hapo, tukalazimika kuazima ndogo. Plagi nazo ni hivyohivyo. Kuanzia 28 hadi 40 mlio wake ni mdogo, kwenye kelele huusikii, lazima uuhisi mkononi, mimi siitumii chini ya 40. Namba kwenye mkono zimechorwa nyembamba sana na kwangu zimeanza kufutika kwa jasho na oili, nimezipaka rangi nyeupe nikafuta juu zikabaki kwenye mchoro. Boksi bawaba yake ilivunjika mwezi wa pili. Na kitu kimoja ambacho duka hawakuniambia, ukimaliza kazi rudisha mkono mpaka namba ya chini kabisa, 28, usiiache kwenye 103 wiki nzima maana springi ya ndani inachoka na kipimo kinapotea. Pia usiishushe chini ya hiyo 28.

Wiki iliyopita nimerudia kipimo cha dumu, bado inalia kwenye 80. Kwa bei yake naipa nne na nusu kati ya tano, nusu nimekata kwa zile namba na boksi.

Kama unaenda kununua, kabla hujatoa hela mwambie muuzaji akufungulie, zungusha mkono toka chini mpaka juu uone kama unakwama popote, funga kitasa ujaribu kuuzungusha kwa nguvu, usizunguke. Halafu ingiza boksi spana kichwani na utikise, ikicheza sana achana nayo. Ile niliyoonyeshwa kwenye duka la kwanza ilikuwa inakwama kwenye 120, na walitaka laki na ishirini.