Bia za krafti Mombasa: kabla ya kuuliza ladha, uliza imelala wapi

Malalamiko ya wasomaji kutoka Nyali, Bamburi na Mtwapa yamefanana mno. Mtu anasikia sifa za bia za watengenezaji wadogo wa Kenya, anatoa pesa ambayo ingemnunulia Tusker mbili, anafika nyumbani na kufungua, anakutana na kinywaji chenye ladha ya karatasi iliyolowa. Anaapa kwamba krafti ni jina tu. Lakini bia ile ilitoka kiwandani ikiwa nzuri. Imeharibikia njiani na dukani, na walioiharibu wamelipwa bei kamili.

Kwa hiyo humu hamna mashindano ya ladha, kila mtu na ulimi wake. Asilimia ya kileo imeandikwa kwenye lebo, na uzuri wa lebo haunyweki. Kwa mnunuzi wa Mombasa jambo la kuangalia kabla ya yote ni joto, na ndilo ambalo halimpitikii mtu akiwa mbele ya friji.

Joto linavyoila bia

Bia za viwanda vikubwa huchujwa mpaka hamira itoke yote, kisha hupashwa moto ili zisiharibike upesi. Nyingi za krafti hazifanyiwi hivyo. Hamira inabaki hai, harufu ya hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, ni nyepesi kama ya mrehani uliochumwa sasa hivi, na ile oksijeni kidogo iliyoingia wakati wa kujaza chupa inaendelea kufanya kazi yake. Ikiwa baridi inafanya polepole, ikiwa joto inafanya mbio. Watengenezaji wa bia wana kipimo chao cha haraka: siku 3 kwenye nyuzi 32 zinaizeesha bia sawa na siku 30 kwenye nyuzi 22, au siku 300 kwenye nyuzi 3.

Nyuzi 32 ni mchana wa kawaida wa kaskazi hapa kwetu, Januari mpaka Machi. Sasa hesabu. Lori limetoka Nairobi, lina karibu kilomita 480 mbele yake. Linapita Mtito Andei na Voi, linapanga foleni ya mizani Mariakani, linashusha mzigo kwenye bohari la mabati Changamwe. Ndani ya bohari lile mchana hata mtu hakai. Katoni ikilala humo Ijumaa mpaka Jumatatu, umri wake umekwisha kabla haijaonekana dukani. Kuitia friji baada ya hapo kunaifanya iwe baridi, hakuirudishii chochote.

Na watu wa Pwani hawana haja ya kufundishwa jambo hili. Anayefuata mnazi Rabai au Kaloleni hachukui wa jana. Mgema anapanda asubuhi na jioni. Tembo la asubuhi ni tamu, likifika jioni limekuwa kali, kesho yake linaelekea kuwa siki. Kila mnywaji anauliza limegemwa saa ngapi na hakuna anayeona haya kuuliza. Mnywaji huyo huyo akisimama mbele ya chupa yenye bei ya nusu kilo ya nyama, ananyamaza na kulipa.

Mkononi, kabla ya kulipa

Anza na tarehe. Tafuta ya kutengenezwa, siyo ya kwisha, kwa sababu ya kwisha imepangwa kwa bia iliyotunzwa vizuri. Mara nyingi imepigwa kwa wino mwembamba shingoni, kwenye ukingo wa lebo, au chini ya kopo. Ikiwa imefutika, usichukue.

Inua chupa uitazame kwenye mwanga bila kuitikisa. Ukungu mwepesi kama maji yaliyotiwa tone la tui ni wa kawaida kwa bia isiyochujwa, na utando laini wa hamira chini ni wa kawaida pia. Kisicho cha kawaida ni vipande vinavyoelea kama machicha ya nazi. Hiyo ni protini iliyogandamana kwa uzee, au kwa kugandishwa kwenye friza kisha kuyeyushwa. Sasa tazama shingo. Mstari mweupe unaozunguka kioo palepale bia inapoishia ni dalili ya vijidudu, na bia hiyo itakuwa chachu. Kiasi cha bia kikiwa chini kuliko chupa za jirani, kizibo kinavuja.

Pitisha kidole chini ya meno ya kizibo. Hewa ya bahari inakula chuma, hilo twalijua, lakini kizibo chenye kutu ya kuacha rangi kidoleni kinasema chupa imekuwa ikitoka jasho na kukauka, imetolewa na kurudishwa baridini mara nyingi. Kopo nalo libonyeze juu na chini. Likiwa limevimba, hamira imepata sukari na joto, imeanza kuchachua upya ndani. Usilifungue karibu na uso.

Rangi ya chupa si urembo. Mwanga unagonga uchungu wa hopsi na kuugeuza kuwa harufu ya kicheche, na kwa jua la hapa dakika chache zatosha. Kioo cha kahawia kinazuia sehemu kubwa ya mwanga huo. Cha kijani kinazuia kidogo sana, cheupe hakizuii. Kopo halipitishi kabisa, na ndiyo sababu kopo ni chombo bora kuliko chupa yoyote, wacha wanaosema lina ladha ya bati waseme. Mimina kwenye glasi, ladha hiyo huipati.

Ya kwanza: Sierra Amber, na Stout nyuma yake

Hapa upendeleo uko wazi. Katika bia za krafti za Kenya, chapa ya Sierra ndiyo ya kwanza kwenye orodha hii ya kununua Mombasa, na hasa Amber. Sababu ni kimea. Shayiri iliyokaangwa mpaka ikapata rangi ina ladha za sukari guru na ganda la mkate, na uzee ukianza, ladha hizo huelekea kwenye tende na zabibu kavu badala ya karatasi. Hasara ipo, ila inavumilika. Bia inayotegemea hopsi haina pa kujificha.

Stout, bia yao nyeusi, inastahimili zaidi kwa sababu kimea chake kimechomwa hadi kikawa cheusi kama buni. Imekuwa nyuma ya Amber kwa kuwa watu wa hapa wanaiharibu wenyewe: wanainywa ikiwa baridi ya kuuma meno, halafu wanasema haina ladha. Itoe friji, iache mezani dakika 15, uinywe ikiwa kwenye nyuzi 10 hadi 12. Hapo ndipo kahawa na kakao zinatoka. Kwa pweza wa kukaanga au nyama ya kuchoma, hakuna kinachoikaribia.

Muda wa kununua: Amber isizidi miezi mitatu tangu kutengenezwa, Stout isizidi minne, na zote ziwe zimetolewa baridini, si rafuni.

Ya pili: IPA, kwa masharti

Watengenezaji wadogo wa Nairobi, kina Bateleur, 254 na Sirville, wana mikono mizuri, na aliyeinywa IPA, bia inayotegemea hopsi, kwenye bomba lililo karibu na tangi anajua harufu ya maembe, machungwa na majani mabichi inavyopanda kabla glasi haijafika mdomoni. Harufu hiyo ndiyo unayolipia, na ndiyo ya kwanza kufa. IPA iliyochoka haiwi mbaya ghafla. Inakuwa tamu kiasi, nzito, na uchungu unabaki nyuma ya ulimi bila harufu yoyote mbele. Wengi hudhani ndivyo ilivyo.

Kwa Mombasa sharti ni hili: wiki sita tangu kutengenezwa ikiwa baridi muda wote. Ikiwa imesimama rafuni bila friji, usiinunue hata ikiwa ya wiki mbili. Muuzaji akikuuliza “moto au baridi?” jua kwamba anazo zilizokaa moto, na huenda ile baridi imeingizwa leo asubuhi. Muulize imeingia friji lini. Akijibu kwa kubahatisha, chukua Amber. Msimu wa kusi, Juni hadi Agosti, ndio wakati mzuri wa kujaribu IPA huku, kwani joto limepungua njiani na bohari pia.

Ya tatu: bia ya ngano

Nyepesi, ina harufu ya ndizi na karafuu inayotokana na hamira yenyewe, na inafaa sana kwa samaki wa kupaka. Inazeeka upesi. Miezi miwili, basi. Ukimimina, bakiza kidogo chini ya chupa, zungusha, ndipo umalizie, kwa sababu hamira ni sehemu ya ladha yake.

Cider za KO (Kenyan Originals), vinywaji vya matunda yaliyochachushwa, mara nyingi ziko friji moja na bia hizi. Si bia, hazina hopsi, kwa hiyo harufu ya kicheche haizipati. Joto bado linazidhuru.

Na bei nafuu? Tusker ni asilimia 4.2, imechujwa, imepashwa moto, na inauzwa haraka kiasi kwamba haipati nafasi ya kuzeeka. Chupa mpya ya Tusker ni bora kuliko krafti iliyopikwa na jua. Zaidi ya hapo hakuna la kuongeza.

Ukiinywa kwenye bomba

Uliza kegi, yaani pipa la bia, imefunguliwa lini na inasukumwa na nini. Ikisukumwa na gesi ya kaboni inakaa vizuri wiki kadhaa ikiwa baridi. Ikisukumwa kwa pampu ya hewa, siku ya pili tayari imeingia oksijeni. Uliza pia mipira inayoleta bia bombani inasafishwa kila baada ya muda gani. Jibu zuri ni wiki mbili. Harufu ya siagi au ya siki kwenye glasi ya kwanza mara nyingi ni mpira mchafu, siyo bia.

Povu likijaza glasi nzima, sababu ya kawaida hapa ni mpira uliopita kwenye joto kati ya chumba cha baridi na bomba. Gesi inatoka kabla ya bia kufika. Glasi nusu povu usiipokee kama glasi nzima. Na ukiona glasi imegandishwa mpaka ina theluji, omba ya kawaida iliyosuuzwa kwa maji safi. Barafu inaua harufu, na sabuni iliyobaki inaua povu.

Bei, na wanaotuuzia

Kodi ni nzito, hilo ni kweli. Tangu mwisho wa Desemba 2024 ushuru wa bia unahesabiwa kwa kileo chenyewe. Ongeza VAT ya asilimia 16, chupa isiyorudishwa, na usafiri. Mtengenezaji mdogo habaki na kikubwa.

Ila kodi haimlazimishi muuzaji kupanga bia dirishani linalotazama jua la saa kumi. Haimlazimishi kuzima friji usiku ili aokoe tokeni za stima, akaiwasha asubuhi, chupa zikapanda na kushuka joto kila siku iendayo kwa Mungu. Hoteli za ufuoni zinaongeza bei mara mbili kwa kisingizio cha kutunza bidhaa, na katoni zimepangwa koridoni karibu na jiko. Mnunuzi analipia baridi ambayo haikuwepo. Hili linaudhi kwa sababu aliyetengeneza ndiye anayepoteza jina, na muuzaji anasema tu kwamba krafti “haitembei”. Itatembeaje?

Ukishainunua

Beba boksi lenye barafu, hasa ukivuka Likoni. Kusubiri feri ndani ya gari lililofungwa mchana kunatosha kuharibu IPA. Nyumbani, isimamishe wima ili hamira itulie na bia isiguse kizibo. Iweke rafu ya nyuma, si mlangoni ambako joto linabadilika kila friji inapofunguliwa. Usiitie friza: bia ya asilimia 5 huanza kuganda karibu nyuzi 2 chini ya sifuri. Stima ikipotea, usifungue friji. Saa nne za kwanza baridi inajihimili.

Ukitaka katoni nzima, nunua kwanza chupa moja kutoka katoni hiyo hiyo, tarehe ile ile, uinywe jioni. Ikiwa na karatasi iliyolowa, umepoteza chupa moja badala ya 24. Ikiwa safi, rudi kesho yake asubuhi kabla jua halijapanda, na hakikisha unapewa kutoka friji ile ile.